Mabaka meusi usoni tangu uja uzito, na ile krimu ya kikopo

Swali: Daktari, shikamoo. Nina miaka 34, naishi Kisauni. Mimba yangu ya pili ilinitoa mabaka meusi mashavuni, kwenye paji na juu ya mdomo. Mtoto sasa ana miaka mitatu na mabaka bado yapo. Nachoma sindano ya kupanga uzazi. Kazi yangu ni kuuza mahamri alfajiri na viazi karai jioni. Nilijaribu ndimu, ikanichoma. Kisha shoga yangu akanipa krimu kwenye kikopo kisichoandikwa kitu. Wiki ya kwanza tu uso ukang'aa, hata chunusi zikaisha. Nikaipaka kwa miezi miwili, ikaisha. Sasa uso unawaka, umetoka vipele kuzunguka mdomo, na mabaka ni meusi kuliko mwanzo. Mama mkwe asema ini langu limechafuka. Pia binti yangu wa miaka saba ana madoa meupe mashavuni, watu wasema ni minyoo. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, dadangu. Umefanya vyema kuitaja hiyo krimu, maana wengi wanaonijia huniambia wanapaka "mafuta ya kawaida tu", na muda mwingi hupotea kabla ukweli haujatoka. Naanza na hicho kikopo kwa sababu ndicho chenye haraka. Mabaka yanaweza kungoja.

Uso kung'aa ndani ya siku chache, chunusi kutoweka, kisha mambo yote kulipuka ukiacha kupaka: hivyo ndivyo steroidi kali, dawa ya kuzima uvimbe, inavyofanya usoni. Mara nyingi huwa ni klobetasoli au betamethasoni iliyochanganywa na vitu vingine, ule mkorogo unaouzwa kwa kupimiwa. Steroidi yenyewe ni dawa ya halali. Nami huiandikia mtu mwenye ukurutu mzito wa mikono au miguu, kwa muda mfupi, na namwambia siku ya kuacha. Ikipakwa usoni hubana mishipa midogo ya damu, huzima uvimbe wote na kuzilaza seli zinazotengeneza rangi, kwa hiyo lazima ngozi ionekane safi. Lakini wakati huohuo huizuia ngozi isijijenge. Inakonda, mishipa inaanza kuonekana, vinyweleo vinaota kidevuni, na kidonda kidogo kinachelewa kupona. Ukiiacha ghafla, mishipa iliyobanwa hufunguka na uso unawaka moto. Vipele vidogo hukusanyika kuzunguka mdomo na pua, vilevile ulivyosema. Kwenye ngozi ya weupe ungeonekana wekundu. Kwenye ngozi yetu uvimbe huo huonekana kama weusi uliochanganyika na zambarau, na ukipoa huacha alama nyeusi. Hizo ndizo zimejumlika na mabaka yako ya zamani.

Sasa nakuomba jambo gumu: usinunue kikopo cha pili. Shoga yako atakwambia ngozi imezoea na inataka tena, na ukipaka kweli utapata nafuu kesho yake. Nafuu hiyo ndiyo inayowafunga watu kwa miaka. Kuwasha huku hupungua kwa wiki kadhaa, kwa wengine miezi, na daktari anaweza kukupa dawa ya kumeza ya kutuliza vipele au kukushusha polepole kwa krimu dhaifu. Usivumilie peke yako mpaka ukashindwa ukarudi dukani.

Steroidi sicho kitu pekee kinachotiwa humo. Kuna haidrokwinoni, dawa ya kupunguza rangi ya ngozi. Daktari huitumia kwa kipimo, kwa miezi michache, kisha anasimamisha. Mtu akijipaka miaka na miaka bila kuangaliwa, inaweza kumtia rangi ya buluu na nyeusi kwenye ngozi ya mashavu na ile iliyo juu ya mifupa ya uso, rangi inayokaa ndani kabisa ya ngozi. Madaktari huiita okronosisi. Hao ndio wagonjwa wanaoniumiza moyo zaidi, kwa sababu walitaka kuondoa weusi wakapata weusi ambao hata mashine ya leza huutoa kwa taabu.

Na kuna zebaki. Inazuia ngozi kutengeneza rangi, ni kweli, lakini inapita kwenye ngozi ikaingia mwilini na kuumiza figo na neva. Haya tumeyajua Kenya zamani sana: mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika kuhusu wagonjwa watu wazima waliokuwa wamevimba mwili kwa ugonjwa wa figo, wengi wao wakitumia krimu za kuchubua zenye zebaki. Vipodozi vya namna hiyo vimepigwa marufuku nchini, na bado vinauzwa vichochoroni. Kwenye lebo, kama ipo, tafuta maneno "mercury", "mercurio", "calomel" au "mercurous chloride", au onyo kwamba isigusane na dhahabu, fedha au vito. Krimu inayogeuka kijivu ikiachwa wazi pia ni ya kushuku. Kikopo chako hakina lebo, kwa hiyo hatuwezi kujua kwa kukitazama. Ukiona miguu au macho yanavimba asubuhi, mkojo una povu lisilokatika, mikono inatetemeka au ganzi imekuingia, nenda hospitali bila kungoja, useme wazi kwamba ulipaka krimu isiyojulikana. Kuna kipimo cha mkojo kinachoonyesha zebaki. Zebaki huhamia pia kwenye taulo na mito na kwa mtoto anayelalia shavu lako, kwa hiyo zifue taulo na foronya zako. Kikopo chenyewe, hata kikiwa kitupu, usikitupe jaani. Kitie ndani ya mfuko wa plastiki, ukifunge, uende nacho kwa daktari.

Tuje kwenye mabaka yenyewe. Mahali yalipokaa, mashavuni pande zote mbili, kwenye paji na juu ya mdomo, na kwamba yalianza na mimba, vinanifanya niamini ni melasma. Ni jambo la kawaida mno kwa wanawake wa rangi zetu. Halihusiani na ini. Mama mkwe asema kwa mapenzi, na watu wengi wazima wa hapa Pwani wamelelewa wakisikia hivyo, lakini ini lililougua huonyesha mambo mengine: macho kuwa manjano, tumbo kujaa maji, mwili kuwasha wote. Huna haja ya dawa za kusafisha ini, na baadhi ya mitishamba inayouzwa kwa jina hilo ndiyo inayoliumiza.

Watu wote, weupe kwa weusi, tuna takriban idadi ileile ya seli za rangi. Tofauti ni ukubwa wa chembe za melanini, yaani rangi yenyewe ya ngozi, zinazotengenezwa na jinsi zinavyotawanywa. Kila chembe ikishatolewa hukaa juu ya kiini cha seli ya ngozi kama mwavuli, kukikinga na miale ya jua. Kwenye melasma seli za rangi za sehemu fulani za uso zimekuwa nyepesi kushtuka. Homoni za mimba ziliziamsha, na tangu hapo kila kinachoikera ngozi kinaziamsha tena: mwanga, joto, kusugua, dawa kali. Kwa hiyo kuchubua hakufai hata pale krimu inapokuwa safi. Ngozi iliyochubuliwa imekerwa, na ngozi ya aina hii hujibu kwa kutoa rangi zaidi. Mpango wote nitakaokupa ni wa kuacha kuzikera seli hizi kwanza, kisha kuzituliza taratibu. Shabaha yetu ni uso wako urudie rangi yako mwenyewe, ile ya shingo na mikono. Mtu akikuahidi rangi nyeupe kuliko hiyo, anataka kukuuzia kitu kilekile cha kikopo.

Mwanga ndio adui wa kwanza. Mombasa iko nyuzi 4 hivi kusini mwa ikweta. Jua linatupita utosini mara mbili kwa mwaka, kabla ya katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba, na hata msimu wa kipupwe, watu wanapojifunika shuka usiku, mchana bado miale ni mikali. Mawingu hayaizuii yote. Kioo cha matatu kinazuia ile inayochoma tu, si ile inayotia rangi. Tena kwa ngozi nyeusi hata mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho hutia weusi, na losheni nyingi za kukinga jua, zile nyeupe au zisizoonekana, hazikingi mwanga huo vya kutosha. Inayokinga ni losheni yenye rangi ya ngozi, ile iliyotiwa oksidi ya chuma. Tafuta yenye SPF, yaani kipimo cha nguvu ya kukinga jua, 30 kwenda juu na rangi iliyo karibu na yako. Ukiikosa, paka losheni ya kawaida ya jua, na juu yake poda au faundesheni ya rangi yako iliyoandikwa "iron oxides" kwenye viungo vyake. Si rahisi bei, najua. Kama una pesa ya kitu kimoja tu mwezi huu, nunua hiyo, uache kila dawa nyingine.

Kiasi ndicho wengi wanachokosea. Uso na shingo vinataka karibu nusu kijiko cha chai, au mistari miwili iliyojaa juu ya kidole cha shahada na cha kati. Tone moja la ncha ya kidole halikingi vya kutosha. Rudia kila saa mbili ukiwa nje, na kila ukijifuta jasho. Buibui na ushungi mweusi uliofumwa vizuri vinakusaidia sana kwa mwili na shingo, na ukivaa nikabu vivyo hivyo. Mashavu na paji yakibaki wazi, hayo ndiyo ya kupaka. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, ukiweza kupitia upande wa kivuli, pitia.

Joto ni adui wa pili, na hapa kazi yako inaingia. Alfajiri hakuna jua, lakini uso wako uko juu ya karai la mafuta ya moto na makaa, kwa saa nzima na zaidi. Joto peke yake huzidisha melasma. Siwezi kukwambia uache mahamri, ndiyo riziki. Ila yako mambo ya kufanya. Jiko liweke upepo ukitoka mgongoni mwako, moto na moshi upelekwe mbele. Simama pembeni mwa karai, usiinamie. Tumia kijiko cha matundu chenye mpini mrefu, na kama una jiko la kuinuliwa juu ya meza, litumie, maana ukichuchumaa juu ya jiko la chini joto lote linapanda usoni. Kati ya duru moja na nyingine ondoka hatua chache, jipanguse uso kwa kitambaa kilicholowa maji baridi, kwa kubonyeza bila kusugua. Viazi karai vya jioni, ukivianza mnamo saa tisa, utapata vyote viwili kwa pamoja, joto la karai na mwanga wa jua linaloshuka likikupiga usoni. Geuza meza ili jua liwe nyuma yako, au ning'iniza turubai upande wa magharibi.

Kwa mwezi mmoja hadi mwezi na nusu kuanzia leo, usipake dawa yoyote ya mabaka. Ngozi iliyotoka kwenye steroidi haiwezi kuihimili. Nawa kwa maji na sabuni laini isiyo na harufu mara moja au mbili kwa siku, paka mafuta ya mgando yasiyo na marashi au krimu ya maji isiyo na harufu, kisha losheni ya jua. Ni hayo tu. Hakuna singo, hakuna kusugua kwa jiwe wala kitambaa kigumu, hakuna barakoa za maziwa na manjano. Liwa na singo ni urembo wetu na sisemi uziache maisha, lakini si kwa uso huu, si sasa.

Ndimu usiirudie kabisa. Watu hudhani ni asidi tu inayochoma. Ndani ya maji na ganda la ndimu mna vitu vinavyoungana na miale ya jua vikaunguza ngozi, na alama yake hutokea siku moja au mbili baadaye, ikageuka nyeusi kwa miezi. Baadhi ya marashi hufanya hivyo pia, ndiyo maana utaona mtu ana michirizi myeusi shingoni mahali anapojipulizia. Marashi yako yapake kwenye nguo.

Uso ukishapoa, tunaingia kwenye dawa. Kwa mtu aliyepitia uliyoyapitia, mimi huanza na asidi ya azelaiki ya asilimia 20, kidogo kidogo, usiku mmoja ruka mmoja, kisha kila usiku. Inatuliza seli za rangi zilizochangamka bila kuzigusa sana zile zilizo sawa, inasaidia na chunusi, na hata mwenye mimba au anayenyonyesha anaweza kuitumia. Inaweza kuwasha kidogo mwanzoni. Niasinamidi (aina ya vitamini B3) na vitamini C za kupaka ni wasaidizi wazuri, hazitoshi peke yake. Ikibidi, daktari ataongeza tretinoini, dawa ya kupaka ya jamii ya vitamini A, au mchanganyiko maarufu wa haidrokwinoni, tretinoini na steroidi dhaifu kwa wiki chache zilizohesabiwa. Huo nao, kwa historia yako, ningeuweka mwisho. Vipo pia vidonge vya asidi ya traneksamiki kwa melasma sugu. Hivi vinaathiri kuganda kwa damu, kwa hiyo havimfai aliyewahi kuganda damu mguuni au mapafuni, wala si vya kununua kwa ushauri wa jirani. Tretinoini, haidrokwinoni na vidonge hivi, usivitumie ukiwa na mimba.

Leza na kuchubua kwa asidi saluni, nakataa. Kwenye ngozi nyeusi yenye melasma vinaweza kuleta weusi zaidi ya ule ulioujia, vikifanywa na mtu asiyejua. Dripu na sindano za kung'arisha ngozi nazikataa kwa nguvu zaidi: unatiliwa kitu kwenye mshipa ili upate rangi, na ukipata mzio au maambukizi hakuna wa kukuokoa pale saluni.

Hesabu miezi mitatu ndipo uanze kuona tofauti yenye maana, na miezi sita ndipo uhukumu. Ngozi ya juu hujibadilisha kwa wiki nne hadi sita, na rangi iliyozama chini zaidi huenda isitoke yote. Piga picha mara moja kwa mwezi, dirisha lilelile, saa ileile, maana ukijitazama kila siku kiooni hutaona mabadiliko. Melasma pia hurudi. Kaskazi ikipiga, au ukishika mimba nyingine, inaweza kuamka, nawe utaanza tena na losheni na azelaiki bila kuogopa.

Sindano ya kupanga uzazi inaweza kuwa inachangia, kwa sababu ina homoni, ingawa vidonge vyenye estrojeni ndivyo vinavyojulikana zaidi kwa jambo hili. Usiiache kwa sababu ya mabaka kabla hujapata njia nyingine. Mimba usiyoipanga inaweza kuyazidisha kuliko sindano. Muulize muuguzi wa kliniki ya uzazi kuhusu koili ya shaba. Hiyo haina homoni hata kidogo. Zungumza na mumeo, kisha uamue kwa utulivu.

Kuna weusi mwingine ambao si wa kuupaka dawa, niutaje kwa kuwa wasomaji wengi huuchanganya na huu wako. Shingo na kwapa zikiwa nyeusi, nene na laini kama mahameli, haitoki kwa kusugua, kapime sukari: mara nyingi mwili unashindwa kuitumia insulini vizuri. Doa jeusi chini ya ukucha, kiganjani au kwenye unyayo, likiwa linakua au kubadilika, lionwe na daktari mapema. Bob Marley alifariki Mei 1981 kwa saratani iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu, na kwetu sisi weusi saratani hiyo ya rangi hupenda sehemu hizo hizo.

Binti yako. Madoa meupe yaliyofifia mashavuni mwa mtoto wa miaka saba, yenye magamba membamba, mara nyingi ni ukurutu mwepesi. Rangi haijatoweka, imepungua tu, na huonekana zaidi akichomwa na jua kwa sababu ngozi ya pembeni ndiyo inayozidi weusi. Minyoo haileti madoa haya. Dawa ya minyoo shuleni ale kama kawaida, kwa ajili ya minyoo. Mpake mafuta ya mgando asubuhi na usiku, punguza sabuni usoni, na losheni ya jua kabla ya kwenda kucheza. Huchukua miezi kadhaa kurudi rangi. Mpeleke kituo cha afya kama madoa ni meupe pe kama karatasi na yanaenea, maana hiyo yaweza kuwa vitiligo, ugonjwa wa ngozi kupoteza rangi yake kabisa, na inatibika vizuri zaidi ikiwahiwa. Kama yana mipaka ya duara na yanawasha, maana hiyo yaweza kuwa choa. Au kama doa lolote halihisi. Hili la mwisho lipime leo: mwambie afumbe macho, umguse doa kwa ncha ya pamba, kisha ngozi ya kando, akuonyeshe kwa kidole ulipogusa. Asipohisi penye doa, usingoje, kwa sababu ukoma bado upo na dawa zake hutolewa bure.

Mkienda kituoni kwa ajili yake, beba na kile kikopo chako, uombe rufaa ya kliniki ya ngozi siku hiyohiyo.